Mashine za kuchonga matundu ya mraba kwa karakana ya nyumbani: njia nne zikilinganishwa

Tundu moja la kuunga ulimi (ncha ya ubao iliyochongwa iingie tunduni), ukilichonga kwa patasi na nyundo, halina shida. Fremu ya kitanda, viti sita au milango miwili ni habari nyingine, na hapo ndipo watu hukwama: ninunue mashine ndogo ya mezani, nijipinde nipate yenye meza inayosogea, nifunge kiambatisho kwenye drili ya nguzo niliyo nayo, au nitumie rauta, ile mashine ya mkono ya kuchimba mifereji kwenye mbao?

Njia tatu za kwanza hutumia zana moja: patasi ya mraba iliyo wazi ndani kama bomba, na keekee inayozunguka ndani yake. Keekee hutoboa duara na kupandisha maranda; kingo nne za patasi hukata pembe zilizobaki. Mota huzungusha keekee tu. Patasi haizunguki, inasukumwa na mkono wako. Kwa hiyo tangazo linalosifia mota peke yake limekupa nusu ya habari, tena ile nusu isiyo na uzito sana.

Vigezo vya kupimia

*Mkono na nguvu.* Mkono mrefu wenye meno imara ya kushushia kichwa hukupa nguvu ya kusukuma patasi bila kuning'inia. Kuhusu mota, nguvu farasi nusu (wati 370 hivi) inatosha patasi za milimita 6 hadi 10. Ukitaka milimita 12 kwenye mbao ngumu mara kwa mara, tafuta robo tatu (wati 550 hivi). Mashine nyingi za aina hii hupokea mwendo moja kwa moja kutoka kwenye mota, kwa hiyo kasi yake ni mizunguko 1,400 hivi kwa dakika kwenye umeme wa hezi 50, au 1,700 hivi kwenye hezi 60. Huchagui kasi, na kwa kazi hii si hasara.

*Ushikaji wa ubao.* Wengi hulisahau hili hadi watoboe tundu la kwanza. Patasi ikishazama, mbao huibana pande zote nne. Ukiinua mkono, ubao hutaka kupanda nayo. Kishikizo dhaifu kikipinda, ubao unanyanyuka upande mmoja, patasi inainama, na tundu lako linakuwa na ukuta uliolala.

*Nafasi.* Pima mambo matatu: urefu kutoka mezani hadi ncha ya patasi (patasi ikiwa imefungwa, kwani kipimo kwenye karatasi ya mauzo huenda kimechukuliwa bila patasi), umbali kutoka katikati ya patasi hadi kwenye fensi (ukingo mnyoofu ambao ubao huegemea), na kina ambacho patasi inaweza kushuka. Mhimili wa mlango (ubao wa wima wa pembeni mwa fremu yake) wenye upana wa milimita 120 husimama wima chini ya patasi, maana tundu lake liko ukingoni. Mashine nyingi ndogo hufika kikomo hapo hapo.

*Maandalizi.* Muda kutoka "nataka tundu" hadi tundu la kwanza sahihi.

*Tundu lenyewe.* Kuta, pembe na sakafu yake.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue kazi moja na kuipitisha kwenye njia zote: meza yenye miguu minne ya milimita 70 kwa 70, kila mguu matundu mawili, kila tundu upana 10, urefu 65, kina 40. Kwa patasi ya milimita 10, unatoboa ncha mbili kwanza, kisha mashimo mawili katikati, ukiacha kuta tatu za mbao zenye unene wa milimita 8 au 9. Mwisho unaziondoa kuta hizo moja moja. Ni mishuko 7 kwa tundu, 56 kwa meza nzima. Kuta huachwa nyembamba kidogo kuliko patasi kwa sababu maalumu: patasi ikikaa juu ya ukuta, mzigo unakuwa sawa kulia na kushoto. Ukitoboa mashimo yanayofuatana bega kwa bega, patasi inaegemea upande ulio wazi, inapinda, na siku moja inapasuka.

1. Mashine ya mezani yenye meza isiyosogea

*Mkono na nguvu.* Imeundwa kwa kazi hii tu, na inaonekana hivyo. Mkono ni mrefu, kichwa kinateleza kwenye nguzo au reli pana, na mara nyingi kuna springi au shokapu ya gesi ya kukirudisha juu. Mishuko 56 kwenye mbao za ugumu wa wastani ni jasho la kawaida. Lakini lazima ifungwe. Ukivuta mkono kuelekea kwako, mashine nzima inataka kuinuka nyuma. Wasio na benchi la kudumu huifunga kwa bolti juu ya kipande kinene cha plaiwudi, kisha hukibana kipande hicho kwenye benchi kwa klempu mbili au tatu.

*Ushikaji wa ubao.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Kishikizo cha kawaida ni uma wa chuma unaoshuka juu ya ubao na kukazwa kwa skrubu moja. Hakibani ubao, kinauzuia usipande. Kiache juu ya ubao kwa nafasi ya karatasi moja, ili uweze kuusogeza ubao kwa mkono kati ya mshuko mmoja na mwingine. Kuusukuma ubao kwenye fensi ni kazi ya mkono wako wa kushoto, na hapo ndipo makosa huingia: ukilegea kidogo, shimo moja linatoka nje ya mstari kwa nusu milimita na ukuta wa tundu unakuwa na ngazi. Dawa ni kubana kipande cha mbao mbele ya kazi yako, sambamba na fensi, kiwe njia ya kutelezea. Paka nta mezani na kwenye fensi, ubao uteleze.

*Nafasi.* Inatosha miguu ya meza, viti, fremu za picha na milango ya kabati. Kwa mhimili wa mlango wa nyumba, pima kabla ya kulipa. Kina cha milimita 70 hivi kwa upande mmoja kinafikika kwa patasi nyingi. Kwa tundu la kupita moja kwa moja, toboa nusu kutoka kila upande, uso ule ule wa ubao ukigusa fensi mara zote mbili.

*Maandalizi.* Ikishapangwa inakusubiri. Kubadilisha patasi kunachukua dakika chache, mradi mlango wa pembeni uwe mpana kiasi cha kupitisha mkono na ufunguo wa taya, yaani kishikio cha keekee. Kwenye baadhi ya mashine mlango huo ni tundu la panya.

*Tundu lenyewe.* Kuta zenye mikwaruzo midogo, pembe za mraba, na sakafu yenye alama za ncha ya keekee. Kwa gundi hakuna tatizo, kwani sakafu haibebi kitu. Toboa milimita 2 zaidi ya urefu wa ulimi, gundi ya ziada ipate pa kukaa.

*Inamfaa nani.* Anayetengeneza samani za kawaida mara kwa mara, mwenye kona ya benchi ya kuiachia.

2. Yenye meza inayosogea kwa usukani

*Mkono na nguvu.* Kichwa hakitofautiani sana na cha kwanza, ila nyingi huja na mota kubwa kidogo na mwili mzito zaidi. Uzito huo ni faida mashine ikiwa kazini na ni adhabu siku ya kuhama.

*Ushikaji wa ubao.* Hapa ndipo inapolipa. Ubao unabanwa mara moja kwa jiliwa iliyo kwenye meza, kisha unazungusha usukani na meza inakwenda kushoto au kulia. Hakuna mkono unaolegea. Mashimo yote 7 yanakaa kwenye mstari mmoja kwa sababu ubao haukuachiwa hata mara moja. Usukani wa pili husogeza meza mbele na nyuma, kwa hiyo tundu la milimita 14 linatoka kwa patasi ya 8: mpigo wa kwanza, unasogeza milimita 6, mpigo wa pili. Ukifanya hivyo, hakikisha zaidi ya nusu ya patasi iko kwenye mbao katika mpigo wa pili.

Lakini jiliwa haizuii ubao kupanda kwa nguvu sawa na inavyouzuia kwenda pembeni. Kwa mbao ngumu na patasi ya 12, ongeza kishikizo cha juu hata kama jiliwa imekazwa.

*Nafasi.* Meza ya tabaka mbili hula urefu. Mashine mbili zenye kichwa kile kile zinaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa chini ya patasi, na yenye meza inayosogea ndiyo inayopungukiwa. Ubao wa mita mbili nao ni mtihani: unaning'inia pande zote mbili na kuilemea meza. Egemeo la pembeni lazima liruhusu ubao kuteleza, ama kwa rola au kwa ubao uliopakwa nta.

*Maandalizi.* Kuubana na kuufungua kila ubao kunachukua muda kuliko kuutelezesha. Kwa tundu moja moja, mashine ya kwanza inaweza kuishinda hii kwa kasi. Kwa matundu marefu au mapana, kibao kinageuka. Reli za meza zinahitaji kusafishwa maranda na kurekebishwa skrubu zake, la sivyo meza inaanza kuyumba.

*Tundu lenyewe.* Kuta zilizonyooka zaidi kati ya njia tatu za patasi.

*Inamfaa nani.* Anayetengeneza seti: viti vingi, madirisha, vitanda. Pia mwenye mikono isiyo na nguvu za kushikilia ubao saa nzima.

3. Kiambatisho kwenye drili ya nguzo

*Mkono na nguvu.* Drili ya nguzo ilitengenezwa kutoboa, na kutoboa hakuhitaji msukumo mkubwa. Mikono yake mitatu ni mifupi, na meno yanayoshusha mhimili ni madogo. Patasi ya 6 au 8 kwenye mbao laini inashuka vizuri. Ya 10 kwenye mbao ngumu inakufanya uning'inie, na ya 12 afadhali usijaribu. Meza nayo hupinda chini ya mzigo kwa sababu imeshikwa upande mmoja tu. Kata kigogo kinachokaa kati ya kitako cha drili na chini ya meza, kikae kwa kubana, na upindaji utapungua sana.

*Ushikaji wa ubao.* Kiambatisho huja na fensi ndogo na kishikizo cha uma. Vyote ni vyepesi. Wengi huishia kutengeneza fensi yao ya mbao na kuibana mezani kwa klempu, na inakuwa bora kuliko ya dukani.

*Nafasi.* Hapa drili inazishinda mashine mbili za kwanza. Meza inapanda na kushuka kwenye nguzo, kwa hiyo mhimili mpana wa mlango unaingia bila shida.

*Maandalizi.* Ndicho kinachowakatisha watu tamaa. Bushi ya kiambatisho (pete ya chuma inayokifunga kwenye drili) lazima ilingane na kipenyo cha mhimili wa drili yako, hivyo pima kwa kalipa kabla ya kununua. Kisha unafunga bushi, unafunga patasi na keekee, unasawazisha fensi, unashusha kasi hadi mizunguko 1,000 au 1,500 kwa dakika. Ukimaliza, unavifungua vyote ili upate drili yako. Ukihitaji kutoboa shimo la skrubu katikati ya kazi, huna drili. Panga kutoboa matundu yote ya kazi nzima kwa kikao kimoja.

*Tundu lenyewe.* Zuri kama patasi ni kali na meza haipindi.

*Inamfaa nani.* Mwenye drili imara tayari, anayetengeneza samani chache kwa mwaka, tena kwa matundu membamba.

4. Rauta ya kushuka na jigi

*Mkono na nguvu.* Mota hufanya kazi yote. Unakata tabaka la milimita 3 hadi 5 kila mpito; kwa kina cha 40 ni mipito 8 hadi 14 kwa tundu. Haichoshi mkono, inachosha masikio.

*Ushikaji wa ubao.* Unategemea jigi, yaani kifaa cha kuiongoza rauta unachojitengenezea. Kosa la kawaida ni kuiweka rauta juu ya mguu mmoja mwembamba: kitako kinainama na tundu linapinda. Bana miguu miwili au mitatu pamoja upate uso mpana. Tumia fensi mbili, moja kila upande wa ubao, ili rauta isiweze kutoka nje ya mstari.

*Nafasi.* Rauta inakwenda kwenye ubao, si ubao kwenye rauta. Urefu na uzito wa ubao hauna maana. Kikomo ni kina. Keekee ya kukata milimita 10 yenye shina la milimita 12.7 haiwezi kushuka zaidi ya urefu wa sehemu inayokata, kwa kuwa shina ni nene kuliko tundu. Nunua yenye shina la milimita 8 na makali marefu, ya mzunguko unaopandisha maranda.

*Maandalizi.* Jigi ya kwanza inaweza kula nusu siku. Baada ya hapo ni kupanga kikomo cha kina na kuanza.

*Tundu lenyewe.* Kuta laini kuliko zote na sakafu iliyonyooka, lakini ncha zake ni za mviringo. Una njia tatu: zifanye mraba kwa patasi ya mkono, zungushia kingo za ulimi kwa tupa, au chonga matundu kwenye vipande vyote viwili na kuweka ulimi wa kupachika, yaani kipande tofauti kinachoingia pande zote mbili. Njia ya tatu huokoa mbao na muda. Mashine za Festool Domino zimejengwa juu ya wazo hilo hilo: DF 500 hufika kina cha milimita 28, DF 700 hufika 70. Ziko kwenye ngazi nyingine ya gharama, kwa hiyo hatuzipimi hapa.

*Inamfaa nani.* Mwenye rauta tayari, asiye na nafasi ya mashine nyingine, na asiyejali ncha za mviringo.

Kabla ya kuilaumu mashine

Malalamiko mengi kuhusu njia tatu za kwanza (moshi, mlio mkali, patasi kugeuka rangi ya buluu, mkono kugoma kushuka) hayatokani na mashine. Patasi hutoka dukani ikiwa butu, na pengo kati ya keekee na patasi halikupangwa.

Pengo hilo hupangwa hivi. Weka sarafu yenye unene wa milimita 1.5 hivi kati ya bega la patasi na bushi inayoshika shina lake, kisha kaza patasi. Sukuma keekee juu hadi iguse ndani ya patasi, kaza taya. Legeza patasi, toa sarafu, sukuma patasi juu hadi bega liguse bushi, kaza tena. Sasa keekee imetokeza chini kwa unene wa sarafu. Pengo likiwa dogo mno, chuma kinasuguana na chuma na patasi inaungua. Likiwa kubwa mno, keekee inatangulia, inararua vipande vikubwa, na vinakwama ndani ya bomba.

Uwazi wa kutolea maranda ulio ubavuni mwa patasi uelekee kulia au kushoto, kwenye urefu wa tundu, ili maranda yaangukie sehemu iliyokwisha kutobolewa. Kisha sawazisha uso wa patasi na fensi kwa skwea ndogo. Patasi ikikaa mshazari hata kidogo, kuta za tundu zinakuwa na meno ya msumeno.

Kunoa ni ndani, kwa kinoleo cha koni kilichotengenezwa kwa patasi hizi. Nje pitisha mara chache tu juu ya kinoo laini, kuondoa ukingo uliogeuka. Ukisugua sana nje, patasi inapungua na kuanza kubanwa. Keekee inolewe kwa tupa ndogo kwenye sehemu inayokata na upande wa ndani wa pembe zake, kamwe si upande wa nje. Msaji una silika (madini kama ya mchanga) inayoua makali haraka, hivyo noa katikati ya kazi, si mwisho wake.

Ukiwa dukani, shika kichwa cha mashine na ukitikise kulia na kushoto: kikicheza, uliza kama kuna skrubu za kukirekebisha. Weka skwea kati ya fensi na meza. Kaza fensi, kisha isukume kwa kidole gumba kwenye ncha zake. Iliyoshikwa na nguzo moja nyembamba hugeuka. Uliza kipenyo cha shina la patasi, 16 au 19, kwani ndicho kinachoamua utanunua patasi za nani baadaye.

Kwa hali yako

Kama una drili nzuri na unatengeneza meza moja au mbili kwa mwaka, anza na kiambatisho na utumie pesa iliyobaki kununua patasi mbili nzuri, 8 na 10, pamoja na kinoleo. Patasi hizo zinaweza kuhamia kwenye mashine utakayonunua baadaye, mradi shina lilingane.

Kama kila mwezi kuna kiti au kabati, na ubao wako hauzidi upana wa milimita 100, mashine yenye meza isiyosogea inatosha. Tengeneza kishikizo cha mbele mwenyewe.

Kama kazi ni seti za viti, vitanda au madirisha, au mbao zako ni ngumu na patasi yako ya kawaida ni 12, meza inayosogea italipa gharama yake. Hakikisha urefu chini ya patasi unatosha ubao wako mpana zaidi.

Kama kazi yako ni milango ya nyumba, mashine za mezani zitakunyima nafasi. Chagua kati ya rauta na drili ya nguzo. Rauta kama milango ni mingi, drili kama ni mmoja wa kwako.

Kama karakana ni kona ya chumba na kila kitu hurudi kabatini jioni, rauta. Na kama nyuma ya ukuta huo kuna mtoto anayelala mchana, mashine ya patasi: kelele yake ni ndogo zaidi.